Gari ya Rali ya Jirani Yetu wa Kenton

Juzi nilikwenda Kenton kumpelekea mtu mzigo, na miguu ikanichukua yenyewe mpaka mtaa tuliokulia. Gereji ya jirani imegeuzwa chumba, imetiwa dirisha na pazia jeupe. Nikasimama pale kwenye manyunyu, nawe unaijua mvua ya London, hainyeshi wala haikatiki. Harufu ya girisi na ya haradali inayokaangwa ikanijia, kana kwamba mlango ule bado uko wazi.

Jirani yetu alikuwa Mhindi wa Nakuru. Ndani ya gereji ile aliweka gari ya rali, rangi ya chungwa, aliyokuwa akiiendesha kaka yake Kenya enzi za ujana wao. Kaka alikwishafariki, gari ikaja kwa meli, milango imeoza. Sisi ni Wapemba, na ukuta wetu na wao ulikuwa mmoja. Kule kwetu Baba alikuwa fundi wa malori ya karafuu, lakini London kazi yake ilikuwa kupanga maboksi ghalani. Sisi watoto tulimjua hivyo tu, mtu wa maboksi anayerudi kachoka.

Sijui ilianzaje. Nakumbuka tu kwamba kila Jumapili baada ya chai Baba alivuka kwenda kwa jirani, nami nyuma yake. Mwanzoni, jirani akitueleza, ilikuwa gari ya kawaida ya kwendea kazini. Barabara za Kenya ndizo zilizoifunza kuwa kitu kingine. Mawe yalipotoboa chini ya injini, kaka aliifungia bamba la chuma. Ilipokunywa maji mtoni, akalipandisha bomba la kuvuta hewa mpaka usawa wa kioo. Springi zikanyanyuliwa, likatiwa tangi la pili la mafuta, na kila gurudumu la nyuma likapewa shokamzoba mbili za kupunguza mtikiso badala ya moja. Nikikaa juu ya matairi, nikitafuna kachori za mke wa jirani, niliiona ile gari kama mnyama anayeota kwato na pembe kidogo kidogo.

Halafu ikaja Jumapili moja Baba akalala chini ya gari, akagonga kwa kidole.

"Shokamzoba mbili zimeshikwa na chuma chembamba hivi? Patakatika hapa, bwana. Tupaongezee."

"Kaka yangu aliiunda hivyo," jirani akasema. "Hapo hapaguswi."

"Kaka yako alikuwa na haraka ya mashindano. Sisi tuna wakati."

Jirani akafuta mikono, muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Basi nenda nyumbani kwako."

Majira yote ya baridi hawakusemezana. Mama na mke wa jirani ndio waliokataa ugomvi ule: sahani ziliendelea kupita juu ya ua, vitumbua vikienda, chapati zikirudi. Baba alikula zile chapati akitazama dirishani.

Ukungu ulipoanza kupungua, jirani aliipeleka gari kwenye shamba moja nje ya mji, wanakokutana wenye magari ya zamani. Siku ya pili yake mlango wetu ukagongwa. Mama akafungua. Jirani alikuwa amebeba kitu kilichofungwa gazetini, mikono miwili, kama mtu aliyebeba mtoto.

"Mama, fundi yupo?"

Tukatazamana sisi watoto. Hatukuwahi kusikia mtu London akimwita Baba hivyo.

Baba akatoka na kikoi chake, akalifungua gazeti, akapitisha kidole gumba pale kile chuma chembamba kilipokatika. Nilingoja aseme, "Sikukwambia?" Hakusema.

"Kaka yako aliona mbali," akasema. "Wazo lake zuri. Lilikuwa halijamalizika tu."

Jirani akainamisha uso. Mama akamvutia kiti.

Wakachomelea bamba la pembetatu kila upande. Mwezi uliofuata tulikwenda wote shambani. Gari ikapanda kilima, ikaruka, nami naapa ilikaa hewani muda wa kusema bismillahi yote. Ikatua. Hakikukatika kitu. Wanaume wale wawili wakakumbatiana matopeni, na mke wa jirani akalia kwa Kigujarati.

Miaka mingi baadaye jirani alifariki, wanawe wakaiuza gari. Mnunuzi, Mzungu, alipokuja kuichukua, Baba alitoka nje bila kuitwa. Baba huyu hata kwa daktari alinitanguliza mimi nimsemee. Siku ile alisema Kiingereza saa nzima, akimwonyesha lipi alilifanya kaka, lipi jirani, na lipi yeye. Gari ikapandishwa kwenye trela, ikapinda kona.

Sasa Baba naye katangulia. Nilipokuwa pale mtaani juzi nilitega sikio, lakini zilipita gari za umeme tu, zisizo na sauti. Ninachokikosa hasa ni zile Jumapili: Kipemba, Kiswahili cha Nakuru na Kigujarati vikibishana juu ya chuma kimoja, nami nikiamini kwamba watu wale watakuwapo daima.