Mianga ya Kaskazini Sebuleni Newala

Niseme ukweli tangu mwanzo: nilimwonea wivu mwenzangu. Tulifungua studio pamoja hapa Masasi, tukiwa na kamera moja na lenzi mbili zisizovuta. Ukitaka mtu awe mkubwa unamsogelea kwa miguu yako. Ukitaka familia nzima ienee unarudi nyuma mpaka mgongo uguse ukuta. Mimi ndiye niliyemfundisha hayo. Alipopata nafasi ya kwenda kusoma Norwei nikampa ile lenzi pana, eti kumbukumbu, kamera angenunua hukohuko. Mimi nikabaki na ile nyingine, ya milimita hamsini, na picha zangu za pasipoti.

Haikupita miezi mingi, simu za watu wa Masasi zikajaa picha zake za mianga ya kaskazini, ile inayocheza angani usiku huko kwenye baridi. Mbingu ya kijani, imening'inia kama khanga kwenye kamba. Mwalimu mmoja aliyekuja kupiga picha ya kitambulisho alinionyesha kwenye simu yake, akaniuliza kama na mimi naweza kupiga kitu cha namna ile. Nikamwambia akae wima, atazame mbele.

Mianga ningeivumilia, maana mbingu hakuiwasha yeye. Zilizoniuma ni zile picha zake nyingine: mzee anaondoa theluji mlangoni kwake, mama anamfunga mtoto kamba za viatu kituoni. Alikuwa amewasogelea, na wala hawakushtuka. Wiki hiyohiyo mimi nilikwenda Chiwata, kina mama wanabangua korosho, vidole vyeusi kwa mafuta ya maganda, nikarudi na picha nyingi ambazo hata mimi sikutaka kuzitazama mara mbili.

Kisha mama yake akanipigia kutoka Newala. Anaitaka ile ya mianga, kubwa, yenye fremu, aitundike sebuleni. Majirani walishaanza kumwambia kwamba mtoto akienda mbali kiasi hicho, ndiyo basi tena. Na katika picha ile mwenzangu alikuwa amesimama mwenyewe, mdogo, chini pembeni, ndani ya koti jeusi.

"Nataka wamwone mwanangu amesimama," alisema. "Mzima, na miguu yake. Usije ukamkata miguu."

Kwetu picha iliyokata miguu haitundikwi. Wageni watauliza unaficha nini.

Nikakaa kwenye kompyuta. Ile kijani ilinikaba roho. Nikapunguza mwanga kidogo, nikapunguza tena, mpaka mbingu ikawa ya kawaida, ambayo mtu yeyote angeweza kuipiga. Nikachapa, nikatia fremu, nikapanda nayo Newala.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Haya, nipe nimwone."

Alifuta kioo kwa upindo wa khanga, akaisogeza picha dirishani. Kidole chake kikapita chini pembeni, kikarudi, kikapita tena.

"Mwanangu yuko wapi?"

Nikainama nitazame. Koti jeusi lilikuwa limezama kwenye weusi nilioutengeneza kwa mikono yangu. Achilia mbali miguu, hapakuwa na mtu. Nilitaka kumpunguzia mbingu tu, nikamfuta yeye mwenyewe.

Ningeweza kumwambia palepale kwamba nimeiharibu, nikairudishe Masasi nichape upya. Badala yake nikasema, "Yumo, mama. Ni karatasi tu, imemmeza."

Akaiondoa picha dirishani.

"Wewe ukisema yumo, basi yumo," akasema, akaenda kutafuta msumari.

Alasiri majirani wakaja. Aliwaita mmoja mmoja, akaweka kidole pale penye giza. "Kasimama hapa. Mzima, na miguu yake. Muulizeni fundi."

Wakanigeukia wote. Nikawaambia yumo. Wakaitazama ile picha tena, kwa adabu. Nilimwona mama anavyowachungulia nyuso, akingoja mmoja wao amwone mwanawe, nikaona aibu mpaka masikio yakawaka. Na hata hapo, Mungu anisamehe, kuna kitu kilinifurahisha: hakuna aliyesema ni picha nzuri.