Wagonjwa wa Mama

Dada yangu tulianza kumwita Daktari kabla hajawa. Majirani wakamletea watoto wenye homa, akawaambia yeye ni daktari wa mihogo. "Basi mwangalie hivyo hivyo," mmoja akamjibu.

Tuliishi naye kwenye nyumba ya chuo, na shamba lake la utafiti lilikuwa hapo nyuma. Alikuwa amechanganya mbegu mpaka akapata mihogo isiyoshikwa na batobato, ule ugonjwa wa kukunja majani na kuyatia madoa ya njano. Kati ya mistari alipanda mihogo ya kawaida, makusudi iugue. Bila hiyo, nani angeamini kuwa ugonjwa ulipita pale na mipya ikaushinda? Wafadhili wa masomo yake walikuwa wanakuja kujionea. Wakiridhika, wangelipia mwaka wa mwisho. Wasiporidhika, udaktari umeishia hapo.

Mama akaja kutusaidia kupokea wageni. Jamani, mama yetu! Akafagia uwanja, akaosha madirisha, akaenda na nyuma. Mimi nilikuwa nimetumwa soda, Daktari amekwenda kuwalaki. Aliporudi nao, nami nikifika na soda, shamba lilikuwa kijani tupu, na pembeni moshi.

"Mingine ilikuwa inaumwa," Mama akasema, furaha imemjaa. "Nimeing'oa, nimeichoma. Ningewaonyesha wageni aibu ile?"

Nilitaka kupiga kelele. Lakini ningemlaumu kwa lipi? Maisha yake yote mabwana shamba walimfundisha hivyo: ukiona batobato, ng'oa, choma. Daktari akakaa chini kwenye udongo na gauni lake jipya, akalia.

Mkuu wa wafadhili, mzee mpole, akamgeukia Mama. "Umefanya kama mkulima hodari, mama. Ila mimi siwezi kulipia majivu."

Wakasema watarudi mihogo mingine ikikua, na hadi hapo ufadhili umesimama. Daktari akapanda upya, huku akifundisha tuisheni ili tule. Mama alikataa kurudi kwake. Aliweka kigoda kando ya mihogo ya kawaida, na majani yalipoanza kujikunja nilimwona mkono umemtoka wenyewe, umeshika shina. Akaurudisha, akaukalia.

"Siku hizi unafuga magonjwa, Mama?" nikamtania.

"Nyamaza wewe! Shule ya mwenzio hii."

Wageni waliporudi, uwanja haukufagiwa. Mama hakuwapa hata maji. Alimshika yule mzee mkono, akampeleka moja kwa moja kwenye majani ya njano yaliyosinyaa.

"Karibu, baba. Anza na wagonjwa wangu."

Mzee akachuchumaa, akatazama wagonjwa, akatazama wazima, akarudia tena. Kisha akampa Daktari mkono: mwaka wa mwisho umelipiwa. Mimi nikaruka kama mwehu.

Gari lao halijafika hata barabarani, Mama keshashika jembe. Akasimama mbele ya mihogo yake, akamtazama Daktari.

"Sasa je?"

"Ng'oa, Mama."