Vidole Gumba vya Umuganda

Siku yangu ya kwanza kazini nilizama matopeni hadi mapajani. Ilikuwa mwanzoni mwa mwaka 1990, katika bonde lililo chini ya Ndera, mashariki ya Kigali. Wenyeji waliliita Mugishanga, yaani kwenye kinamasi, bila jina jingine. Nilikuwa na miaka thelathini na minane. Nilikuja na viatu vya ngozi na suruali ambayo baba yangu, fundi cherehani wa Biryogo, aliinyoosha kwa pasi ya mkaa asubuhi ile kwa heshima ya ajira yangu mpya: karani wa vipimo kwenye machimbo ya nyiramugengeri.

Aliyenipokea alikuwa Kapita, msimamizi wa wachimbaji, mtu wa Bukavu. Alitazama miguu yangu kwanza, kisha uso.

“Karani, iko na viatu ingine?”

“Sina.”

“Basi leo utajifunza kutembea peku.”

Alinipa sonda, fimbo ya chuma ya mita moja inayoungwa na nyingine kwa skrubu, yenye kijiko kidogo kwenye ncha. Unaisukuma chini, unaizungusha, unaivuta, na kijiko kinakuletea udongo wa kina kile. Nilisukuma mpaka ikagoma, nikatangaza kwamba ni mita nne. Kapita akacheka.

“Nne ni pahali mikono yako imechoka. Bonde halijachoka. Sukuma tena.”

Ilikuwa mita sita na nusu. Somo hilo nililishika: usiandike kipimo cha uchovu wako ukakiita kipimo cha ardhi.

Ninyi vijana mnaopima kwa vyombo vinavyosemezana na setilaiti huenda hamjui nyiramugengeri ni nini. Ni mafunjo, majani na mizizi iliyokufa ndani ya maji kwa maelfu ya miaka bila kuoza ikaisha. Imebanwa ikawa nyeusi, nayo ikikauka huwaka. Ni ndugu mdogo wa makaa ya mawe, ambayo nchi yetu haina. Wachimbaji waliikata kwa beleshi jembamba vipande mfano wa matofali, wakavitandaza nyasini, wakavigeuza baada ya siku kadhaa, kisha wakavipanga minara yenye matundu ili upepo upite. Kazi yangu ilikuwa kupima kina na maji. Pia nilichoma kipande kimoja cha kila rundo ndani ya kopo na kupima majivu, kwa sababu majivu yakizidi, hicho ulichochimba ni tope tu.

Sikusomea kazi hii. Niliishia darasa la nane. Kitabu cha upimaji, cha Kifaransa, kisicho na jalada, nilikinunua mtaa wa Gitega, hapo Kigali, kwa mwuza vitu vikuukuu, nikakisoma miaka mitatu nikiwa na kamusi pembeni. Kwa hiyo nilikiamini kuliko waliosoma shule wanavyoamini vyao. Humo kulikuwa na ukurasa uliosema jambo ambalo baadaye lilinifanya nisilale vizuri: nyiramugengeri ikikaushwa kabisa hainywi tena maji kama mwanzo. Hujikunja, hushuka, na ikishika moto huweza kuungua chini kwa chini bila mtu kuona mwali.

Mwaka 1991 Kampuni iliyotuajiri iliamua kupanua machimbo kuelekea upande wa chini wa bonde. Kibali kilidai maoni ya wakazi. Mkutano ulifanyika mwanzoni mwa kiangazi, kwenye banda la tanuri la matofali. Alikuja Mkurugenzi wa Uendeshaji kutoka ofisi ya mjini, Mnyarwanda aliyesomea Ulaya na aliyependa kusema Kifaransa mbele ya wakulima. Alikuja pia Konseye, mkubwa wa sekta, mwenye muhuri na mamlaka. Mimi niliwekwa kutafsiri na kuandika kumbukumbu za mkutano. Watu walisema Kinyarwanda, nami maneno yao nayaweka hapa kwa Kiswahili.

Nataka niwe mwadilifu kwa waliounga mkono, maana hawakuwa wajinga wala hawakununuliwa. Tasiyani, mchoma matofali, alisimama wa kwanza.

“Kuni zimekwisha kilima kizima. Mke wangu anatoka asubuhi, anarudi saa nane na mzigo wa vijiti. Mnataka nichome matofali kwa sala?”

Watu walicheka. Kijana mmoja wa beleshi akaongeza, “Wanaosema bonde liachwe wana matuta bondeni. Mimi sina hata tuta moja. Beleshi ndilo shamba langu.” Hapo hakuna aliyecheka.

Kisha akasimama Verediyana, mjane wa makamo, mwenye matuta ya viazi vitamu upande ule ule uliotakiwa.

“Matofali yako mazuri, Tasiyani. Niambie nitayachemsha saa ngapi ndipo watoto wayale.”

Kicheko kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza, na Tasiyani mwenyewe alicheka. Lakini Verediyana hakuwa amemaliza. Alimgeukia Konseye.

“Bwana Konseye, kilimani tunakula miezi tisa. Miezi mitatu ya jua, kilima kikiwa kama sufuria tupu, tunakula bonde. Ukitoa bonde, hiyo mitatu niambie inatoka wapi.”

Ardhi ya mabonde ilikuwa ya serikali. Mkulima alikuwa na matuta yake tu, bila hati yoyote. Hilo Mkurugenzi alilijua, na alijibu kwa upole wa mtu asiye na cha kupoteza: mfereji wa kukausha utapita pembeni, matuta hayataguswa.

Verediyana akanitazama mimi. “Karani, wewe ndiye unayepima. Maji yatasikia kwamba mwisho wake ni pembeni?”

Nilijua jibu. Maji ya kinamasi ni kitu kimoja. Ukiyashusha hapa yanashuka na kule. Nilikuwa na vipimo vya mwaka mzima kwenye daftari na ukurasa wa kitabu kichwani. Mkurugenzi akasema kwa Kifaransa, bila kunitazama, “Wewe tafsiri tu.” Nikatafsiri swali. Akajibu kwamba wataalamu wameshaliangalia. Nikatafsiri jibu. La kwangu nikalimeza.

Kumbukumbu niliziandika sawasawa, kwa karatasi ya kaboni, nakala mbili: kumi na wanne walipinga, tisa waliunga mkono, na hoja za kila mmoja. Nakala ya juu niliikabidhi ofisini, ya chini nikabaki nayo. Niliamini kwamba ukweli ukishaandikwa vizuri umeshajitetea. Hilo ndilo kosa la watu waliojisomea wenyewe. Tunadhani karatasi haidanganyi kwa sababu sisi tulijifunza kila kitu kutoka kwenye karatasi.

Jumamosi iliyofuata palikuwa na umuganda, kazi ya pamoja ya kila juma. Kila kaya ilileta mtu na jembe, na asiyekuja aliitwa kujieleza. Safari hii Konseye aliwaita kuzibua mdomo wa kijito uliozibwa na mafunjo. Verediyana alikuja, Tasiyani alikuja, wote kumi na wanne walikuja, kwa kuwa kijito kikiziba mvua za kwanza huzamisha viazi vyao wenyewe. Kazi ilikwisha kabla ya saa tano.

Konseye akaniita. “Karani, una mwandiko mzuri. Karani wangu ni mgonjwa. Niandikie mahudhurio.”

Ilikuwa desturi: jina, kisha sahihi, na asiyejua kuandika anachovya kidole gumba kwenye wino. Kichwa cha karatasi hatukuandika. Kiliandikwa komini, ofisi iliyo juu ya sekta, ambako kila wiki ilikuwa na namba yake. Nilichora mistari, nikaweka kaboni yangu kama kawaida, nikaandika majina yote. Verediyana alifuta tope la kidole chake kwenye kanga kabla ya kukichovya, ili alama itoke safi. Chini kabisa niliweka sahihi yangu kama mwandishi, nikamkabidhi Konseye karatasi ya juu, ya kaboni nikabaki nayo.

Majuma manne baadaye niliitwa ofisi ya mjini kuhakiki vipimo kwenye jalada la maombi ya kibali. Nilifungua. Kumbukumbu zangu za kurasa sita zilikuwa zimekuwa aya moja: wakazi walitoa maoni, wakaelimishwa, wakaridhia. Nyuma yake ilibanwa karatasi ninayoijua, yenye mistari yangu, majina kwa mwandiko wangu, vidole gumba na sahihi yangu. Juu, kwa taipureta, pameongezwa kichwa: Orodha ya wakazi waliokubali upanuzi.

Nilimwambia Mkurugenzi kwamba hii ni karatasi ya umuganda.

“Vidole hivi ni vya nani?”

“Vya wakazi.”

“Mwandiko?”

“Wangu.”

“Sahihi hii ya chini?”

“Yangu, Bwana Mkurugenzi. Lakini watu hawa walikuja kuzibua kijito.”

“Kijito cha bonde hilo hilo. Waliandaa njia ya maji. Je, walilazimishwa?”

Mkurugenzi akavua miwani.

“Nakuuliza kwa sababu serikali inasema umuganda ni moyo wa wananchi. Kama wewe unasema watu hulazimishwa, niandikie hapo kwa mwandiko wako mzuri, niupeleke kwa wanaohusika.”

Nchi ilikuwa vitani tangu mwaka uliotangulia. Kila njia ilikuwa na kizuizi, na watu walikuwa wamefungwa kwa maneno madogo kuliko hayo. Alijua hivyo, na alijua kwamba najua. Nimefanya kazi chini ya wakubwa wakali, na ukali sina ugomvi nao. Siwezi kusamehe ustadi ule wa kuchukua kitu ambacho watu walikitoa kwa mikono yao, kazi ya asubuhi moja, na kukigeuza kiwe kinywa kinachosema wasichosema.

Niliiandikia Kampuni barua, si juu ya umuganda bali juu ya kikao, nikaambatanisha idadi ya waliopinga. Jibu lilikuja baada ya siku tano: nahamishiwa Rebero, kwenye karakana ya kokoto ya Kampuni, kupima ukubwa wa mawe kwa chekeche. Kapita alinisindikiza mpaka barabarani.

“Ulijifunza kupima chini, Karani. Kupima wakubwa, hapana.”

“Wewe ungefanyaje?”

“Mimi? Siandiki. Kwa nini unafikiri siandiki?”

Mfereji ulichimbwa. Kiangazi cha 1992 nilishuka Mugishanga siku ya Jumapili na sonda yangu begani. Maji niliyokuwa nikiyakuta kwa kina cha kiganja sasa niliyakuta kwa kina cha mita moja na zaidi. Matuta yalikuwa yamepasuka, na ardhi imeshuka hata mizizi ya mafunjo ikabaki juu kama kucha. Mahali fulani moshi mwembamba ulitoka chini bila moto. Verediyana alikuwa amechuchumaa anafukua viazi vya ukubwa wa kidole.

Nilimsalimu. Aliitikia, akaendelea kufukua.

“Nilikwenda kwa Konseye kulalamika,” akasema. “Akanionyesha kidole changu. Akasema, Mama, ulikubali mwenyewe. Mimi sijui kusoma, lakini alama yangu naijua, ina kovu la mundu katikati. Na jina lako, wakanisomea, liko chini.”

“Mama Verediyana, ile ilikuwa karatasi ya umuganda.”

“Mimi nilijua ni ya umuganda. Wewe ndiye uliyekuwa na kalamu.” Alinyoosha gumba lake lenye udongo mbele ya uso wangu. “Nirudishie kidole changu, Karani. Mengine sikudai.”



Mwaka 1994 ulikuja. Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi hayawezi kuandikwa kama tukio mojawapo katika maisha ya kazi, nami sitajaribu. Nasema tu linalohusu karatasi yangu. Verediyana aliuawa, na wanawe wawili pamoja naye. Kati ya wale kumi na wanne waliosema hapana, waliobaki hai ninaowajua ni watatu. Machimbo yalisimama, mfereji ukamea majani.

Nilifanya kazi miaka mingi baadaye, kwa waajiri wengine, nikastaafu kwa heshima na saa ya ukutani. Ningekaa kimya kama wazee wenzangu. Lakini juzijuzi watu wapya wameomba kufufua machimbo, na niliposhuka kwenye kikao chao, kijana mwenye tai alifungua jalada la zamani akasema kwamba upande huu hauna tatizo, wakazi walikwisha kuridhia. Nilisimama nikaonyesha nakala zangu za kaboni, zilizoponea kwenye kopo la vifungo dukani kwa baba. Alizitazama kwa adabu.

“Mzee, nakala yako haina vidole. Ya kwetu inavyo. Kuna mtu katika hao anayeweza kuja kukanusha mwenyewe?”

Wale watatu wametawanyika, mmoja haoni tena. Kijana yule hakuwa na nia mbaya. Aliuliza swali la kiofisi. Lakini nilikasirika kuliko nilivyowahi katika ujana wangu, maana sasa hata kifo chao kimekuwa kiambatisho cha jalada.

Kaboni haichukui kidole gumba, ni kweli. Lakini haikuchukua pia kile kichwa cha taipureta. Nakala yangu bado iko wazi juu, kama ilivyokuwa asubuhi ile. Nimekaa nayo mezani, nimechukua kalamu, na kwa mwandiko ule ule nimeandika kilichopaswa kuandikwa na mimi kabla mtu wa kwanza hajachovya kidole: Majina ya waliokuja kuzibua kijito Mugishanga, umuganda wa Jumamosi, kiangazi cha 1991. Hakuna jambo lingine waliloulizwa siku hiyo.

Nimetia sahihi chini, nikatoa nakala, na kesho naipeleka ofisi ya wilaya. Nitakaa pale mpaka waigonge muhuri.