Kaunta ya Baba na Jiwe la Rehema

Sisi tuliokulia Bagamoyo wakati ule sabuni ya mche inakatwa kwa uzi, tulikuwa hatutupi kitu. Si kwamba tulikuwa na busara kuliko hawa wa leo. Hatukuwa na cha kuweka mahali pake. Sufuria ikitoboka ilizibwa, ikitoboka tena ilipandwa mchicha. Shati la Baba likawa la kaka yangu Idi, kisha likawa tambara, na hata likiwa tambara lilikuwa na jina. Mama akisema, "Nileteeni shati la Idi," tulijua anataka kudeki.

Ndiyo maana nacheka ninapowaona vijana kwenye simu wakifundishana kugeuza kaunta kuukuu kuwa meza. Wana miwani ya kukinga macho, wana muziki, wana hata jina la Kizungu la kazi hiyo, na wakimaliza wanapongezana utadhani wamejenga bandari. Mimi niliona kaunta ikigeuzwa kitanda kwa msumeno mmoja, tena butu, na nusura ndoa ya wazazi wangu ivunjike siku hiyo hiyo.

Baba yangu, Mzee Shomari, alikuwa na duka la rejareja katika chumba cha mbele cha nyumba yetu. Kaunta yake ilikuwa ubao mmoja wa mvule, kutoka ukuta hadi ukuta, unene wa ngumi. Ilinukia bizari, tumbaku na mafuta ya taa, na kwenye kona ilipokaa sukari guru sisimizi hawakukoma hata mwezi wa Ramadhani. Upande wake yeye palikuwa na bonde dogo lililochimbwa na kiwiko chake kwa miaka. Sisi watoto tulipigwa marufuku kuiegemea. "Hapo si barazani," alisema, na mtoto aliyerudia kosa aliijua bakora ya nyuma ya mlango.

Kisha bidhaa zikaadimika. Ikaanza sukari, ikafuata sabuni, ukafuata unga, mpaka rafu zikabaki na pakiti moja ya viberiti na kopo la rangi ya viatu lililokauka. Mwingine angefunga akatafute shughuli nyingine. Baba hakufunga. Kila asubuhi alivaa kofia yake, akafungua dirisha, akaweka kiwiko mahali pake. Watu wakipita walimwamkia, kisha wakauliza kwa adabu, "Mzee Shomari, sukari?"

"Inakuja," aliwajibu.

Ilikuwa inakuja kwa miezi mingi hiyo sukari. Sisi tuliishi kwa ukili wa mikeka aliosuka Mama akauza, na kwa muhogo na kunde za Bibi, mama yake Baba, aliyekuwa analima Fukayosi. Nyuma ya nyumba tulicheza duka: mmoja muuzaji, wengine wateja, na mchezo wenyewe ulikuwa kuuliza na kuambiwa inakuja. Mama alitusikia akatuchapa, halafu nikamwona jikoni anacheka peke yake.

Siku moja Bibi aliteleza kando ya kisima, nyonga ikapata ufa. Akaletwa kwetu kutoka hospitali, na maneno ya daktari yalikuwa mafupi: alale pagumu, palipo sawasawa, la sivyo mfupa utaunga vibaya na hatatembea tena. Sisi nyumbani tulikuwa na vitanda vya kamba, vyote vimelegea. Ukilala katikati unakunjika kama sambusa. Sakafuni kulikuwa na unyevu, naye Bibi ana kifua. Mbao za kununua nazo zilikuwa zinakuja.

Mama akamwomba Baba kaunta.

"Bidhaa zikifika nitauzia wapi?" Baba akauliza, na mazungumzo yakaishia hapo. Bibi akalala kwenye kamba wiki nzima, na nyingine, anauma upindo wa kanga ili tusimsikie. Tulimsikia.

Ijumaa ya pili, Baba alipokwenda msikitini, Mama alimwita fundi Petro, Mkristo, kwa kuwa mafundi wengine wote saa ile walikuwa wanaswali. Fundi Petro aliitazama ile kaunta, akatazama mlango, akaona kwamba haitoki nzima. Nyumba ilijengwa kaunta ikiwa ndani.

"Mama Zuhura, mzee ataniua," alisema.

"Atakuta umeshamaliza," Mama akamjibu. "Kata."

Mvule si muhogo. Msumeno ulilia, ukanasa, ukapakwa sabuni ya mwisho tuliyokuwa nayo, ukalia tena. Mimi, Zuhura mwenyewe, nilishika upande mmoja huku nikiomba hotuba ya Ijumaa iwe ndefu. Kipande kikubwa kikawekwa juu ya matofali chumbani, kikatandikwa mkeka na shuka, na sote tukambeba Bibi tukamlaza. Alinyooka. Akavuta pumzi ndefu ambayo hatukuisikia toka alipokuja.

Baba akaingia na tasbihi mkononi. Alisimama katikati ya duka, pale palipokuwa na kaunta sasa pana vumbi la mbao na fundi Petro aliyekuwa ghafla anatafuta kitu chini.

"Nani amekata?"

"Mimi," Mama akasema.

"Bila kuniuliza?"

"Nimekuuliza wiki mbili, Baba Zuhura. Ulikuwa unangoja sukari."

Sikuwahi kumsikia mama yangu akisema na Baba hivyo, na nadhani hata yeye hakuwahi kujisikia. Tukangoja radi. Badala yake ikaja sauti ya Bibi kutoka chumbani: "Shomari! Njoo unisogezee mto, mwanangu. Kitanda kizuri, ila kinanuka bizari, na hizi kingo zinanichuna."

Baba alivua kanzu akaitundika ukutani, akamwomba fundi Petro msasa. Akakaa chini kando ya mama yake, akasugua ukingo mmoja baada ya mwingine mpaka adhana ya alasiri. Macho yalikuwa mekundu. Alisema ni vumbi la mvule, na kweli vumbi la mvule huwasha, kwa hiyo tukakubaliana naye.

Bibi alitembea. Kwa fimbo, na kwa kulalamika, lakini alitembea, akarudi kwenye kunde zake. Kipande kilichobaki kilikwenda jikoni. Mama alisukumia chapati, nasi tulifanyia hesabu za shule juu yake, daftari zikanuka samli. Na sukari ilipokuja kweli, Baba aliiuza mlangoni juu ya kreti lililopinduliwa. Hakuna mteja aliyeuliza kaunta iko wapi.

Sasa njooni Zinga, kwa Rehema, binti wa kaka yangu. Kajenga nyumba nzuri, Mungu ambariki, na jikoni kaweka kaunta ya granaiti. Haijamaliza miaka miwili, nikamkuta anaing'oa.

"Imevunjika?" nikamuuliza.

"Hapana, shangazi. Imepitwa. Siku hizi watu wanaweka nyeupe."

"Watu gani?"

Akanionyesha simu. Watu wenyewe wanaishi nchi yenye theluji, na jikoni mwao sikuona hata sufuria.

Nililichukua lile jiwe kwenye kifusi, nikalipakia bajaji. Dereva akanipa pole. Alidhani ni la kaburi. Nikalijengea matofali uani kwangu, karibu na bomba, nikawa naparulia samaki hapo.

Rehema alikuja kunitembelea. "Shikamoo, shangazi." Marahaba. Akaingia uani, nikampa samaki aina ya changu na kisu. Aliparua mmoja, akasimama, akalipapasa lile jiwe kwa kiganja.

"Shangazi, jiwe zuri hili! Umelipata wapi?"

"Kwa mtu mmoja wa Zinga. Alikuwa halitaki."

"Watu wengine!" akasema, akitikisa kichwa. "Ukisikia ana jingine, niambie."

Nikamwambia nitamwambia. Akainama akaendelea na samaki wake, nami nikamtazama nikakosa hamu ya kucheka. Zamani tulikuwa na kidogo tu, na tulikijua hata kikiwa vipande. Huyu alikuwa na magamba hadi kwenye viwiko, analisifia jiwe lake mwenyewe, na halijui.