Bendi Iliyonyimwa Makofi

Nilitoka Singida kwa basi hadi Tanga, nikakaa wiki nzima kwa jamaa nikisubiri boti, nikashuka Wete tumbo tupu na miguu inayumba. Gitaa nilikuwa nimelifunga kwenye blanketi. Gari la abiria likanifikisha Konde, kwa rafiki niliyesoma naye sekondari, fundi redio. Nilikwenda kutembea mwezi mmoja. Nikakaa miaka sita.

Rafiki yangu alikuwa na kinanda kilichotumia betri ya gari. Jirani yake, seremala, alikuwa na sauti na daftari la nyimbo alizotunga mwenyewe. Tukawa bendi. Harusini watu walitutaka tuige nyimbo za redioni, na seremala akachoka.

"Mara hii tunaimba zetu," alisema. "Wasipozitaka, mimi narudi kwenye randa."

Bila yeye hapakuwa na bendi.

Tukatangaza onyesho uwanjani, alasiri. Hakuja mtu. Karafuu zilikuwa zimeiva, na mji mzima ulikuwa umekaa majamvini ukichambua, karafuu huku, makonyo, vile vijiti vyake, kule. Bi mmoja mwenye shamba akatuita uani kwake.

"Njooni mpige huku, wanangu. Sisi hatuondoki hapa mpaka ziishe."

Tukapiga wimbo wa kwanza, unaohusu baiskeli isiyo na breki. Kimya. Wa pili, kimya. Vichwa vimeinama, vidole vinakwenda. Katikati ya wa tatu seremala akaacha kuimba, akakaa juu ya gunia.

"Basi. Kesho nina milango ya watu."

"Mbona umenyamaza, mwanangu?" Bi akauliza.

"Hamkuzipenda, Bi. Hata kofi moja?"

Ua mzima ukaangua kicheko.

"Ntu mikono yote miwili imo karafuuni, makofi apige na nini?" akauliza mama mmoja.

"Labda alitaka tupige kwa visigino!" akadakia mzee mmoja.

"Irudie ile ya baiskeli," Bi akaamuru. "Tangu mje kazi yangu inakwenda mbio."

Akairudia. Wakaitikia kiitikio chote, hakuna aliyeinua kichwa. Seremala aliimba huku anacheka, akakosea maneno yake mwenyewe, na akina mama wakamrekebisha.

Msimu ule tulihamishwa ua hadi ua, mpaka kinanda kikanuka karafuu. Harusi zilizofuata zikawa zinaagiza nyimbo zetu.

Mwaka wa sita miguu ikaanza kuniwasha, ikitaka njia, kama kawaida yangu. Nilipowaambia naondoka, seremala alininunia siku mbili, kisha akaenda Chokocho akamleta mwalimu mmoja mpiga gitaa.

Siku ya safari nilisimama mlangoni pa karakana ya seremala na begi langu. Walikuwa wanafanya mazoezi ya wimbo mpya.

"Ingia au toka, mwenzetu," seremala akasema, "unatuzibia mwanga."

Nikatoka. Gari la Wete lilikuwa linapiga honi, na wimbo ulikuwa mzuri, nami sikuujua hata mstari mmoja.