Chewa Asiye na Kichwa

Kwenye meza yangu ya samaki sokoni Eldoret, kichwa hutoka kwanza. Wateja wangu wengi wamekulia kwa mahindi na maziwa, na hawataki chakula kinachowatazama. Nakata kichwa, nakata mapezi, nachuna ngozi, halafu ndio tunaanza kuvutana bei. Vichwa huenda kwa jirani yangu wa supu.

Asubuhi hiyo sanduku la barafu kutoka pwani lilikuwa na samaki wawili wanaofanana, nisiowajua. Mmoja alichukuliwa na mwalimu mstaafu wa Moi's Bridge, aliyekuwa akiwahi kuwapikia wajukuu. Nilimtengeneza mbio mbio, mdomo ukiwa kwa stori. Ni yule aliyebaki aliyenishtua: madoa madogo yaliyopangana kama shanga, na macho ya dharau. Nikampigia muuzaji wangu wa pwani.

"Huyo hata sisi hatumjui," akasema. "Wamenaswa kaskazini ya Malindi. Wewe uza tu."

Uza tu! Mtu wa bahari hamjui, na mimi nimeshamtuma Moi's Bridge ndani ya gazeti. Nilikuwa nimesikia habari za bunju, ambaye sumu yake haitoki hata ukimkaanga awe makaa. Nikampigia mwalimu. Simu iliita mpaka ikachoka. Nikapiga tena, ikachoka tena.

Nikamtafuta binti wa rafiki yangu, anayefanya utafiti wa samaki huko pwani.

"Anti, angalia meno kwanza. Bunju ana manne makubwa, kama mdomo wa kasuku."

Nikamfungua mdomo. "Haya ni madogo, mengi kama ya msumeno."

"Basi huyo si bunju. Hesabu miiba ya pezi la mgongoni."

Nikahesabu: kumi. Nikahesabu tena: kumi na moja.

"Tuelewane kumi na nusu," nikamwambia.

"Anti, mwiba haupunguzwi bei. Rudia."

Kumi na moja. Nikamtumia picha, rula kando ya samaki.

"Ni aina ya chewa. Analiwa," akasema hatimaye. "Lakini tunamjua kusini, Tanzania kushuka chini. Kaskazini hivi sijaona ameandikwa. Usimkate! Mweke kwa barafu, nitatuma mtu. Na wa pili? Mmoja anaweza kuwa amepotea njia. Wawili ni habari."

"Wa pili ameenda lanchi."

"Una hakika walikuwa aina moja?"

Walifanana, ndio. Lakini mdomo wa yule sikuufungua, na ngozi ilikuwa imeenda na takataka. Nikamkimbilia jirani.

"Nirudishie kichwa!"

"Kipi? Vyote vimekuwa uji," akasema, akininyooshea upawa. "Tafuta."

Nilitafuta kweli, wateja wake wakinikodolea. Nilipata mifupa, na jicho moja ambalo halikuwa na la kusema.

"Bila kichwa simwandiki," binti akaniambia. "Na Anti, ikiwa ni bunju, midomo ya waliomla itaanza kufa ganzi."

Mwalimu alishika simu nikiwa nimeshaacha kuuza.

"Mama, mmekula?"

"Tumekula tukashiba. Lakini mkia ulininyima."

"Na midomo iko aje?"

"Midomo ya nani?"

"Yenu wote."

Kisha nikamsikia akiuliza, "Watoto, midomo yenu iko aje?" Vicheko vikajaa simu. "Iko mahali pake. Kwani umetuuzia nini, wewe?"

Nikamweleza. Nikauliza kama mifupa imebaki.

"Nilimpa paka."

"Na paka yuko aje?"

"Amelala."

"Amelala vipi, Mama?"

"Kwani paka hulala vipi? Ngoja."

Kiti kikakwaruza sakafu. Ndara zikaburuta, zikasimama. Nilishika meza kwa mikono miwili.

"Wewe, amka," nikamsikia. "Amka!" Halafu mayowe. "Amenirarua mkono!"

Nikakaa juu ya sanduku la barafu. "Asante Mungu," nikasema.

"Asante ya nini," mwalimu akafoka, "na mimi natoka damu?"