Tulivyokwenda Kufua Nguo Homa Bay

Jamaa zangu wa Wundanyi hunicheka wakisikia kwamba niliwahi kusafiri kutoka Ogwedhi hadi Homa Bay kwenda kufua shuka. Ni kweli nilikwenda, tena nikiwa mwanamume peke yangu katika kundi la wanawake, na sababu ya safari ilikuwa maji.

Miaka hiyo ya tisini nilikuwa fundi cherehani Ogwedhi, kando ya soko la ng'ombe. Serikali ilikuwa imetujengea tangi, ikalaza mabomba na kusimamisha mfereji mzuri karibu na soko. Utepe ulikatwa, tukapiga makofi, lakini tone halikutoka. Tuliendelea kuteka kijitoni, pale pale mifugo iliponyweshwa siku za soko. Mvua zikianza, watoto walikuwa wakiharisha, na mwaka ule mjukuu wa Min Otieno, yaani Mama Otieno, mwenyekiti wa kikundi chetu cha maji, alilazwa hospitalini mpaka tukamkatia tamaa. Alipona, ila bibi yake hakuwa tena mtu wa kusubiri.

Redioni tulikuwa tumesikia kwamba serikali yetu, pamoja na nyingine nyingi, ilikwenda kwenye mkutano mkubwa kule Brazili ikaahidi kuwapa watu maji safi na kutunza misitu na udongo. Min Otieno aliniuliza, "Fundi, imeahidi dunia nzima. Sisi tuko dunia gani?"

Tukiuliza Migori, tuliambiwa faili ya mradi ilibaki Homa Bay wakati wilaya zilipogawanywa. Tukiuliza Homa Bay, tuliambiwa mambo yetu yalihamia Migori. Kwenda kwa wingi kudai ilikuwa hatari, maana siku zile mkutano bila kibali ulitawanywa kwa rungu. Hapo ndipo Min Otieno alipotuambia kila mtu alete nguo zake chafu.

"Kuosha nguo si mkutano," alisema. "Maji yetu yako kwa ofisi yao. Tutayafuata huko."

Jumatatu asubuhi tuliondoka kwa lori la kaka yake Boke, mweka hazina wetu, mama wa Kikuria mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. Lori lilikuwa likienda Homa Bay kuchukua omena, wale dagaa wa ziwani, na sakafu yake bado ilinuka zizi. Tulikalia mafurushi ya nguo. Wanawake waliimba nyimbo za kanisa, Waadventista wakianzisha na Wakatoliki wakiitikia, na aliyekosa maneno alipiga makofi tu.

Kufika Rongo tulisimama kula viazi vitamu. Polisi mmoja alitukagua, akafungua furushi langu na kukutana na shuka ambayo sitaieleza hapa. Alilifunga haraka.

"Mnaenda wapi na hii yote?"

"Kuosha," Boke akajibu.

"Kwenu hakuna maji?"

"Hiyo swali ndiyo tunapeleka."

Akatuachilia huku akitikisa kichwa.

Jioni tuliingia Rangwe, tukalala kwa mke wa katekista, rafiki wa Min Otieno. Alitupikia ugali wa mtama na kunde, akasikiliza mpango wetu, akaguna.

"Mkishikwa?"

"Tutashikwa tukiwa wasafi," Min Otieno alimjibu.

Tulipoamka, mwenyeji wetu alisema hawezi kuacha ng'ombe wake ili afuatane nasi, lakini alipakia blanketi zake zote kwenye lori. Maji ya Rangwe nayo, alisema, yalikuwa ya kusikika tu.

Asubuhi hiyo hiyo tukashuka Homa Bay, ziwa likimeta mbele yetu, limefunikwa na magugu karibu na ufuo. Ofisi iliyosimamia mradi ilikuwa na ua wa michongoma, nyasi za kijani na mfereji uliokuwa ukidondoka bila mtu kuujali. Askari wa lango alitusimamisha.

"Hii mkutano iko na kibali?"

Mimi ndiye niliyechaguliwa kujibu, kwa ajili ya Kiswahili changu cha Taita. Nilimwambia hatukuwa na mkutano. Tulikuwa tumekuja kumwona Bwana Afisa, na kwa kuwa tungengoja, tuliomba kufua.

Akafikiri. "Sijaambiwa kuzuia nguo," alisema, akafungua.

Tukaanza. Nilivua viatu, nikakunja suruali, nikasugua shuka zangu mbele ya makarani waliojaa madirishani. Boke alinipokonya moja akaifua upya. Muda si muda ule ua wote ulikuwa umefunikwa: khanga, kaptula za shule, nepi, blanketi za Rangwe. Bwana Afisa alituma ujumbe kwamba ana kazi nyingi. Tukasema hata sisi.

Kisha mama mmoja alitoka nyumba za wafanyakazi akiwa na ndoo. Aliwasalimu wanawake kwa Kijaluo, akauliza kulikoni. Min Otieno hakumhutubia. Alimweleza habari za mjukuu wake, jinsi alivyombeba usiku akiwa mwepesi kama kitambaa. Yule mama aliweka ndoo chini, akarudi kwake, akatuletea sabuni. Halafu akaingia ofisini bila kubisha hodi. Alikuwa mke wa Bwana Afisa.

Mumewe alitoka akitazama zile nepi.

"Mama, mngeandika barua," alisema.

"Tumeandika mpaka fundi akaishiwa wino," Min Otieno akajibu. "Sasa tunaomba uje ufungue mfereji wetu kwa mkono wako."

"Gari ya ofisi haina petroli."

"Lori yetu iko nayo."

Bwana Afisa alimtazama mkewe. Mkewe alikuwa akisuuza kaptula ya mtoto asiyemjua. Mumewe akaenda kuchukua kofia.

Kurudi tulipita Rangwe kurudisha blanketi, zikiwa safi na bado na unyevu. Bwana Afisa alikataa kiti cha mbele, akamwachia Min Otieno, akakaa nasi juu ya magunia ya omena. Alikuwa mcheshi kuliko nilivyotarajia. Kufikia Rongo alikuwa akiimba besi. Lakini Ogwedhi, alipozungusha mfereji na kusikia upepo tu, hakucheka. Alipanda mpaka kwenye tangi, akarudi na vumbi magotini. Pampu haikuwahi kuletwa. Alilisema hilo mbele ya watu wote, na mimi nikamheshimu.

Pampu ilifika baada ya mavuno, na tulilazimika kwenda kumkumbusha mara mbili, tukiwa na mafurushi. Siku maji yalipotoka yalikuwa mekundu, kisha yakatakata. Mjukuu wa Min Otieno aliweka kichwa chote chini ya mfereji.

Nilichojifunza ni kwamba ahadi iliyotolewa mbali hivyo haifiki nyumbani yenyewe. Lazima watu waifuate, na afadhali waifuate wengi, wakiimba.

Jioni hiyo, nguo zikiwa bado zinadondoka maji kila uani, Boke, ambaye kaka yake alikuwa ameanza kutafuta mnunuzi wa lori lake, alikuja kwenye cherehani yangu akavuta kiti.

"Fundi, kule Brazili waliahidi nini kingine?"

"Miti," nikamwambia.

Akageuka akautazama mlima wetu mtupu. "Basi mwambie kaka yangu asiuze ile lori."